Friji ya Mama Ipyana

Wadau, mkimaliza kusoma hii mtasema nimetunga, na sitabishana na mtu. Watu elfu thelathini na moja walikuwa wanaangalia laivu siku ile, na wote mpaka leo wanajua waliangalia mechi. Basi. Ukiacha mmoja, hakuna aliyejua kwamba katikati ya raundi ya tatu, kwenye sebule moja kule Tukuyu, mzee anayeheshimika kuliko diwani alikuwa ananing'inia kwa uzi mbele ya ukoo wa watu, na kwamba mkasi wa kukata huo uzi alikuwa nao binti mmoja Ilemi, Mbeya mjini. Tena binti ambaye huyo mzee ndiye aliyemfundisha kushika waya.

Ngoja niende taratibu, maana nikiharakisha nitawachanganya.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua limewaka mpaka bati linalia. Sekela alikuwa chumbani kwake mbele ya mtambo wake. Huo mtambo ukiuona mara ya kwanza unaweza kudhani ni banda la kuku. Ubavu wa kushoto ni bati la ndoo za rangi. Feni mbili zimetolewa kwenye pikipiki ya umeme iliyogongwa. Kadi ya picha ameiokota Mwanjelwa kwenye fungu la vyuma chakavu, ina ufa, ameuziba kwa gundi. Miaka mitatu alikuwa anaunga kipande kimoja kimoja. Na kwa banda hilohilo la kuku, timu yake, Nyuki wa Ilemi, ilikuwa imefika fainali ya mchezo wa Ngome Saba, kanda ya Nyanda za Juu Kusini.

Washindi wanaenda Dodoma mwaka mzima kwenye kituo cha wachezaji, wanafundishwa, wanakabidhiwa mitambo ambayo haijawahi kuona gundi. Ila mwisho ni miaka ishirini na mbili. Sekela alikuwa anafikisha ishirini na tatu mwezi unaofuata. Kwa hiyo ilikuwa ni leo, au abaki kwenye kibaraza cha mama yake anatengeneza redio za watu mpaka azeeke.

Wao na wapinzani wao, Radi ya Songea, kila timu ilikuwa imeshinda raundi moja. Raundi ya tatu ndiyo ya kuamua: unalinda ngome yako dakika ishirini mpaka parapanda ilie. Dakika ya sita, Sekela yuko langoni, mishale inakuja, picha ikaganda.

Sekunde tatu. Iliporudi, nusu ya uhai wake ilikuwa imeshaondoka.

"Seke, umeganda tena," Lusajo akamwambia kwenye hedifoni. Lusajo ndiye nahodha, yeye alikuwa anachezea kwao Iyunga.

"Nimeona."

"Hiyo ya nne."

"Lusajo, nimesema nimeona."

Kwenye laivu, watu walikuwa wameshaanza kumfanyia sherehe. Mmoja aliandika dada Seke anachezea kikokotoo. Mwingine akasema apewe pole aliyetengeneza huo mtambo, na mwingine akamkumbusha kwamba aliyeutengeneza ni huyohuyo. Mkono wa kushoto wa Sekela ulikuwa unalinda lango, wa kulia umeshaanza ufundi.

Cha kwanza kukifikiria ni joto, na alikuwa na sababu ya kuogopa. Alhamisi ile dawa ya kupozea prosesa ilimwishia, duka limefungwa, akapaka dawa ya meno. Mafundi wote wa Mbeya wameshafanya hivyo na wote watakukatalia. Dawa ya meno inapoza vizuri tu siku mbili tatu, halafu inakauka, inapasuka kama tope la kiangazi, na prosesa inaungua. Akaangalia kipimo: nyuzi sabini na moja. Poa kabisa. Akagusa ubavu wa bati, vuguvugu. Siyo joto.

Akaangalia waya wa mtandao, umekaa. Akapunguza ubora wa picha inayoenda kwa watazamaji, maana kazi ya kuibana picha na kuirusha inakula kuliko mchezo wenyewe. Ikaganda tena. Akafunga kila kitu kilichokuwa kinafanya kazi pembeni. Ikaganda tena, na safari hii timu nzima ilikuwa inatembea tu juu ya ukuta, hakuna adui, hakuna mshale, hata ndege hakuna.

Hapo ndipo alipotulia. Mtambo unaganda ukiwa na kazi. Huu ulikuwa unaganda hata ukiwa hauna kazi. Maana yake ni kwamba haukuwa mgonjwa. Kuna mtu alikuwa anakula kwenye sahani yake.

* * *

Mtaa wao hauna mtambo hata mmoja wa maana, ndiyo maana wana upatu. Nyumba kumi, kila moja ina mtambo wake mdogo, mingi kaiunga Sekela mwenyewe. Kila mtambo unatoa nguvu zake za kukokotoa unazitia kwenye chungu kimoja, na kila siku nyumba moja ndiyo inakula chungu. Leo fundi cherehani anapiga mahesabu ya mitindo yake, kesho wa kanisani wanatengeneza video ya kwaya. Wasio na zamu wanabakishiwa kidogo, ya taa, simu na friji. Ili apate chungu Jumamosi ile, Sekela alikuwa ameachia zamu zake mbili za nyuma.

Programu ya upatu aliiandika yeye. Aliyesimamia isiwe na huruma ni mwenyekiti wao, Mwalimu Angetile wa nyumba namba sita. Kwenye kikao watu walitaka iwekwe nafasi ya dharura, Mwalimu akakataa, akasema ukipokea sababu moja leo, wiki ijayo utaletewa tisa. Walimpigia makofi. Sekela alipiga kuliko wote.

Basi akafungua ukurasa wa upatu pembeni ya mchezo. Ukiacha ya kwake, nyumba nane mistari imelala chini. Ya kumi, namba sita, mstari umepanda kama mlima Rungwe. Kifaa kinachokula kilikuwa kimeandikwa FRIJI. Asilimia arobaini na moja ya chungu.

Akacheka mwenyewe. Friji gani hiyo, inagandisha mtaa mzima?

Programu nayo ilikuwa imeshaona. Kisanduku chekundu kikatokea: NYUMBA NAMBA SITA IMEZIDISHA. MWENYE ZAMU, KATA? NDIYO. HAPANA. Na chini yake, kwa herufi ndogo alizoziandika yeye mwenyewe mwaka jana: usipojibu, itakatwa baada ya dakika tano.

Kidole kikaenda kwenye NDIYO. Halafu ile tabia ya fundi ikamshika. Friji haili hivyo, labda imeingiliwa na kirusi, na kama ni kirusi kitahamia kwake. Akakifungua kwanza akione.

Hakuona kitu. Alisikia. Kwenye hedifoni ikaja sauti ya chini, tulivu, kama mtu anamwambia mwenzake kitu msibani.

"Mwenye koti la kijivu ni Gwamaka, mjomba wa binti. Jina lake umetajiwa robo saa iliyopita. Mwamkie kabla ya wengine, ndiye mkubwa."

Na baada yake, sauti nyingine, ya mzee, nzito, yenye mkwaruzo ambao Sekela anaujua tangu ana miaka kumi na moja.

"Mzee Gwamaka, nakuamkia wewe kabla ya wengine, maana ndiye mkubwa."

Akafunga. Alikuwa Mwalimu.

Kinong'onezi. Mnavijua, vile vidude vya sikioni vya watu ambao majina yameanza kuwaponyoka. Kinaangalia sura iliyo mbele yako, kinasikiliza, kinakukumbusha huyu ni nani na mliongea nini. Siyo kosa kuvaa. Ila sheria inasema uvae na kile kibandiko cha njano kifuani, kila mtu akione. Na aliyevaa hawi shahidi, hasaini, hawi mshenga, kwa sababu hakuna anayeweza kujua anayeongea ni mzee au ni kidude. Ukiwa nyumbani na mkeo, kinong'onezi kinaishi kwa nguvu ya simu tu. Lakini kila sura mpya inakiongezea mzigo. Ukikiingiza kwenye sebule yenye watu arobaini kinataka mtaa mzima.

Na leo Mwalimu alikuwa Tukuyu. Alikuwa mshenga wa kijana wa nyumba namba tatu, amekwenda kwa ukoo wa Mwakalobo. Hao wakwe wana mtindo wao, Mbeya yote inaujua: wanasimama mmoja mmoja wanajitambulisha, wote, mpaka shangazi wa mwisho, halafu mshenga anarudisha salamu kwa kila mtu kwa jina lake. Akikosea mmoja anaanza upya. Akikosea mara mbili, ujumbe unarudi nyumbani ukatafute mshenga mwingine. Kila shangazi aliyesimama Tukuyu, Sekela aliganda Ilemi.

Halafu akaona kitu kingine. Chini ya skrini, kile kipau cha kijani cha sauti kilikuwa ndiyo kwanza kinashuka. Kila kinacholia kwenye mtambo kinakwenda kwenye laivu. Kosa hilohilo ameshawafundisha watoto wa watu walikwepe, ametengeneza na video. Sekunde kumi na kitu, watu elfu thelathini na moja walikuwa wamemsikia Mwalimu.

"Nani huyo?" wakaanza. "Mjomba Gwamaka naye yumo Ngome Saba?" "Mkubwa aamkiwe jamani, tusonge mbele."

* * *

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mama Ipyana, mke wa Mwalimu, aliingia na sinia la njegere mkononi, ametoka nalo bila kujijua. Sekela akaigeuzia kamera ukutani, akazima maiki. Zilikuwa zimebaki dakika tatu na nusu kwenye kile kisanduku chekundu.

"Simu yangu imeandika friji yangu itakatwa," Mama Ipyana akasema.

"Mama, shikamoo. Ile siyo friji."

Mama Ipyana hakuitikia. Aliketi kitandani, akaweka sinia mapajani.

"Umesikiliza?"

"Kidogo tu."

"Basi huko ndiko tuliko."

Akamweleza, na Sekela alikuwa anamsikiliza kwa sikio moja huku jingine likimsikiliza Lusajo akilalamika kwamba lango la pili limeanguka. Ilikuwa miezi tisa sasa. Kwanza Mwalimu alipotea akitoka kanisani, njia ya dakika kumi. Halafu Ipyana alikuja likizo, baba yake akamkaribisha kiti na kumuuliza ametokea familia gani. Kinong'onezi walinunua kimyakimya. Alipoombwa ushenga aliombwa mbele za watu, ibada imeisha, na ili akatae ilikuwa lazima ataje sababu. Akamwomba mkewe huu uwe wa mwisho. Mama Ipyana akakiunga kwenye chungu yeye mwenyewe, akaandika friji. Mwalimu hakujua. Yeye alidhani kidude kinajitegemea.

"Ungeniambia jana," Sekela akasema. "Ningepanga. Ningegawa."

"Ningekuambia nini? Kwamba Mwalimu wako asubuhi ananiuliza mimi ni mgeni wa nani?"

"Mama, leo ndiyo siku yangu. Ikipita hii hakuna nyingine, umri wangu umeisha."

"Najua. Nimekuombea hata jana." Akachukua ganda moja la njegere, akalimenya, akaweka punje kwenye sinia. "Kata. Ni haki yako, sheria tuliipitisha wote. Ila usiniambie saa uliyokata. Niache nikae hapa nisijue."

Bora angemtukana.

Sekela aliitazama NDIYO. Alikumbuka stoo ya nyumba namba sita, harufu ya risasi ya kulehemia, yeye amesimama juu ya kreti la soda ili afikie meza. Siku ya kwanza aliunguza redio ya Mwalimu, redio ya kweli, ya kusikilizia taarifa ya habari. Mwalimu alisema sasa tumejua njia moja isiyofaa, akamletea nyingine.

Akabonyeza HAPANA.

Kisanduku kikafutika. Mstari wa friji ukabaki pale juu. Akawasha maiki, akamwambia Lusajo kwamba nguvu zake zimepungua na hazitarudi, asimtegemee langoni. Lusajo akauliza zimekwenda wapi wakati leo ni zamu yake. Sekela akasema ni yake tu, acheze, akaizima tena. Lusajo akaguna, ule mguno wa mtu anayeanza kukudharau.

* * *

Akaanza kuuvua mchezo nguo. Vivuli, akazima. Moshi, akazima. Majani, maji, nyuso za watu, vyote akazima, mpaka Ngome Saba ikawa kama imechorwa na mkaa ukutani. Ikawa inakwenda kwa kuruka, lakini inakwenda. Radi ya Songea wakaangusha lango la tatu. Wawili wa Nyuki wakafa. Dakika tano zikabaki, Lusajo na Sekela na mwenzao mmoja.

Ndipo ule ujumbe ukaja. Aliyeandika alijiita Mwakalobo Mdogo.

"Dada Seke, ile sauti ya mzee. Huyo mzee yuko sebuleni kwetu hivi sasa. Amemwamkia mjomba wangu kwa maneno yaleyale."

Sekela akaufuta kabla haujasomwa na wengi. Ukaja mwingine, safari hii wa faragha.

"Usifute. Ni dada yangu anayeolewa. Huyu mzee amevaa kinong'onezi?"

Akaendelea kulinda lango.

"Nakufuatilia tangu una watu mia mbili. Hujawahi kutudanganya hata siku uliyofungwa saba bila. Ukiniambia hapana nitakuamini, nitakaa kimya."

Mama Ipyana alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma. Alinukia njegere mbichi.

"Mwambie hapana," akasema. "Neno moja tu, mwanangu."

Na kweli lilikuwa neno moja. Nani angeumia? Majina ya mashangazi yanapungua nini yakikumbukwa na kidude? Sekela akaandika herufi ya kwanza. Halafu akasita, akakata njia ya sauti kwenda kwenye laivu, akahakikisha mara mbili kile kipau cha kijani kimekufa, akafungua tena friji. Alitaka asikie tu kwamba ni majina. Akisikia ni majina, ataandika hapana na roho yake itulie.

Majina yalikuwa yameisha. Kule Tukuyu mama mmoja alikuwa anaongea, sauti yake kama ya mtu aliyeshalia asubuhi. Alikuwa mama wa binti. Alikuwa anauliza: wao wako mbali, Mbeya hawana ndugu, mtoto wao akinyanyaswa kule, akipigwa, akifungiwa chakula, wamwite nani?

Ndiyo kazi ya mshenga hiyo, wadau. Kuomba ni siku moja. Mshenga anabaki mlango wa ile ndoa maisha yote.

Kile kidude kikanong'ona: "Sema, mniite mimi, usiku au mchana. Nitakuja mwenyewe."

"Mniite mimi," Mwalimu akasema, kwa ile sauti yake ya kuaminika. "Usiku au mchana. Nitakuja mwenyewe."

Ukasikika mguno wa kuridhika kwenye sebule nzima. Mtu alishangilia.

Sekela akafuta herufi aliyoandika.

"Mama, umesikia alichoahidi?"

Mama Ipyana alikuwa amesikia, hedifoni ile ilikuwa inavujisha. Aliliweka sinia kitandani.

"Yule mtoto atapiga simu siku moja," Sekela akasema. "Atapokea nani?"

"Nitapokea mimi."

"Hawakukuuliza wewe."

Sasa, mwenye zamu ndiye mwenye chungu, na chochote kilicho ndani ya chungu anaweza kukigusa. Programu ni yake, anaijua milango yote. Akafungua sehemu ambayo kinong'onezi kinapokea maneno, akaandika kwa mkono mmoja, wa pili uko langoni. Mama Ipyana akamshika bega. Hakumvuta, alimshika tu, kwa nguvu.

Aliandika hivi: "Mwalimu, ni Sekela wa nyumba namba nane. Kaka wa binti amekujua. Ameniuliza mimi, na mimi sitamdanganya. Ila sitamjibu mpaka wewe uwe umesema kwanza."

Akatuma.

Kule Tukuyu ile sauti tulivu ikamsomea Mwalimu sikioni, neno kwa neno. Sekela alisikia glasi ikiwekwa mezani. Alisikia mtu akikohoa. Alijiuliza kama Mwalimu anakumbuka Sekela ni nani, au kama kidude sasa hivi kinamweleza: ni binti wa jirani, ulimfundisha kulehemu.

"Jamani," Mwalimu akasema. Hakuna aliyemnong'oneza hilo. "Naomba kidogo kabla hatujaendelea. Hiyo ahadi mliyoipokea, naomba mnirudishie. Siyo mimi niliyeitoa."

Sebule ikachafuka, watu wanauliza, viti vinasogea. Ikasikika kama kitambaa kinasugua maiki.

Mstari wa friji ukaanguka mpaka sifuri.

* * *

Sijui kama mmewahi kuona mtambo ulionyimwa nguvu ukirudishiwa zote kwa mpigo. Feni zilipiga kelele kama zinataka kuruka dirishani. Skrini ikawa laini kama maji, kila mshale unauona unavyozunguka hewani. Zilikuwa zimebaki sekunde hamsini. Lusajo alikuwa ameanguka, mwenzao naye ameanguka, langoni yuko Sekela peke yake na Radi ya Songea wanakuja wanne, wanakimbia bila kujificha, maana walishazoea kwamba yule wa langoni anaganda.

Hakuganda. Wa kwanza alimdungua kwenye ngazi. Wa pili na wa tatu aliwaangushia lango juu. Wa nne alimzungusha kwenye nguzo, sekunde kumi, sekunde tano, watu elfu thelathini na moja wanaandika mpaka maandishi hayasomeki, parapanda ikalia.

Nyuki wa Ilemi. Dodoma.

Lusajo alikuwa analia kwenye hedifoni, mwanaume mzima, anamwomba msamaha kwa alichokuwa anakifikiria. Sekela alivua hedifoni, akageuka.

Mama Ipyana alikuwa anatazama skrini, siyo yeye.

"Umepata nguvu zako," akasema.

Sekela alitaka kumwambia hapana, mama, siyo hivyo, sikumnong'oneza kwa ajili ya hii. Lakini alikumbuka vizuri sana: wakati Mwalimu anasema "naomba mnirudishie", kabla hajavua kitu, kabla mstari haujashuka, vidole vyake mwenyewe Sekela vilikuwa vimeshahamia kwenye vitufe vya kushambulia. Vilikuwa vimeshajua nguvu zinakuja. Je, vilijua tangu lini?

Kwenye ule ujumbe wa faragha kulikuwa na maneno mapya. "Amevua mwenyewe, amekiweka mezani. Wazee wameomba watoke nje wakazungumze. Dada yangu ndiye amebaki naye." Hakuandika asante. Hakuandika tusi.

Simu ya Mama Ipyana ikaita. Aliitazama mpaka ikakaribia kukatika, ndipo akapokea.

"Haloo," akasema. Akasikiliza muda mrefu. "Tusajigwe," akasema taratibu, kama anavyosomewa mtoto anayeanza shule. "Mimi ni Tusajigwe. Mke wako. Hujapotea, umekaa sebuleni kwa watu wazuri. Huyo binti aliye hapo, muulize jina lake, atakuambia."

Akaliacha sinia kitandani, akatoka huku anaongea, anamwelekeza anywe maji, anamwambia gari litamfuata. Hakufunga mlango.

Kwenye laivu walikuwa wanampigia kelele Sekela aonyeshe sura, bingwa aonekane, dada Seke geuza kamera. Kamera ilikuwa bado inatazama ukuta. Aliiacha hivyo hivyo.

Haya, wewe uliyesoma mpaka hapa. Kiti ni chako sasa, vidole ni vyako, yule mama amekushika bega na kaka wa watu anasubiri neno moja tu, tena ameshasema atakuamini. Ungekata mapema ukacheze mechi yako? Ungeandika hapana? Au ungemnong'oneza Mwalimu kama alivyofanya Sekela, na kama ungefanya hivyo, ungeweza kuapa ulifanya kwa ajili ya nani?